Kuwapelekea Wahadzabe maji salama bila kuwapotezea eneo lao: mwongozo kamili kutoka kwa fundi maji

Kabla hatujafika kwenye pampu na mabomba kuna jambo nataka tulielewe kwanza, maana limewaumiza Wahadzabe kuliko hata kiu yenyewe. Ukichimba kisima kwenye nchi kavu kama bonde la Yaeda au kandokando ya Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, unakuwa umeamua pia nani atakaa pale. Maji yakishaanza kutoka mwaka mzima mahali ambapo zamani yalikuwa yanakauka, mwenye ng'ombe anakuja, mwenye jembe anakuja, duka linafunguliwa, miti inakatwa, wanyama wanahama, asali inapungua, na baada ya misimu michache yule uliyemchimbia ameshasogea porini zaidi anakunywa kwenye shimo lake lile lile la mchanga. Nimeliona hili kwa macho yangu, kwenye mradi mmoja niliofanya kibarua nikiwa bado kijana, kisima kizuri kabisa, pampu mpya, sherehe ikafanyika na picha zikapigwa, niliporudi baada ya miaka mitatu sikukuta Mhadzabe hata mmoja pale.

Kwa iyo mwongozo huu nimeuandika kwa wale wanaotaka kufanya kazi hii sawasawa, iwe ni kikundi cha kanisa au msikiti, mdau mwenye hela kidogo, afisa wa kata, au kijana wa kule kule aliyesoma anataka kuwasaidia ndugu zake. Mifano yangu ni ya Wahadzabe wa Mbulu, Karatu na Mkalama, ila mambo mengi hapa yatamfaa hata anayefanya kazi na jamii nyingine ndogo zinazoishi pakavu.

Hatua ya 1: kaa nao, na uhesabu vyanzo vyao vyote

Wahadzabe ni watu elfu moja na kitu tu, na baadhi yao bado wanaishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi, kula matunda pori, ubuyu na asali. Kambi inahama. Wakati wa mvua wanatawanyika kwa sababu maji yapo kila mahali, kiangazi wanajikusanya karibu na vile vyanzo vichache visivyokauka. Sasa sera yetu ya maji ya 2002 ilisema kituo kimoja kihudumie watu 250, kisiwe mbali zaidi ya mita 400 na kila mtu apate lita 25 kwa siku. Kwa kijiji cha kawaida hapo sina neno. Kwa kambi ya watu 25 ambayo mwezi ujao itakuwa kwingine, ukichukua hizo namba kama zilivyo lazima utakosea.

Kwa iyo usiende na ramani iliyokwisha chorwa. Nenda kiangazi, mwezi wa tisa au wa kumi hivi, hapo ndo utaona maji ya ukweli. Ukienda mwezi wa nne kila korongo lina maji na kila mtu atakuambia hapa hakuna shida. Kaa siku kadhaa, tembea nao, kila chanzo wanachokuonyesha andika vitu vinne: kinakauka mwezi gani, nani anakitumia (watu tu au na mifugo ya majirani), kiko mbali kiasi gani na kambi, na ladha yake ikoje. Usicheke ukiambiwa maji haya ni mazito au haya yanauma tumbo. Wanaijua nchi yao, na mara nyingi wanachokuambia kuhusu ladha ya chumvi na magadi maabara itakuja kukithibitisha.

Jambo jingine, hawa hawana chifu. Ukitafuta "kiongozi wao" asaini karatasi utampata mtu wa kusaini, ila usidhani umepata makubaliano. Uamuzi unatokea kwa maongezi ya taratibu, jioni, watu wanaingia na kutoka, na asiyetaka anaondoka tu bila kugombana, ukiona watu wanaondoka jua hapo wamekataa. Alafu ongea na akina mama bila wanaume kukaa pembeni, maana wao na watoto ndo wanaochota.

Nilimfuata siku moja mama mmoja mpaka kwenye korongo la mchanga. Alikuwa na kijiti kile kile cha kuchimbia mizizi, akakipiga kwenye mchanga sehemu ambayo mimi nisingeichagua kabisa, akachimba mpaka mkono ukazama hadi kwenye kiwiko, maji yakaanza kujaa machafu. Nikataka kuchota, akanizuia, "Subiri, hayo ni ya kuoshea shimo." Akayatoa yote kwa kikombe cha plastiki akayamwaga mbali, tukakaa, yakajaa tena yakiwa maangavu, ndo akajaza dumu. Akaondoka ameziba shimo kwa matawi ya miiba nyani wasije. Pale nilijifunza kuliko semina zote nilizokaa, kwa sababu lile shimo lina kila kitu tunachokitafuta: mchanga unachuja, chini ya mchanga jua halikaushi maji haraka, na mwenyewe anajua kulitunza. Kazi yetu ni kuliongezea nguvu.

Hatua ya 2: pima floraidi kabla hujaahidi kitu chochote

Hapa naomba usome taratibu. Ukanda wote huu uko kwenye Bonde la Ufa, miamba ya volkano inatoa madini ya floraidi kwenye maji ya ardhini. Kiwango kinachokubalika cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania zamani ilikuwa inaruhusu mpaka 4, siku hizi nasi tuko kwenye 1.5. Visima vingi vya kaskazini vinapita hapo, vingine vinapita mara nyingi sana. Maji yanakuwa maangavu, baridi, hayana harufu, kila mtu anafurahi, ila mtoto aliyeanza kuyanywa akiwa mdogo meno yake ya ukubwani yanaota na madoa ya kahawia, na kiwango kikiwa kikubwa mifupa inakuja kupinda na viungo vinakaza. Dawa ya kurudisha haipo.

Na kuchemsha hakusaidii. Ukichemsha maji yanapungua floraidi inabaki, yaani inazidi kukolea. Klorini nayo haiigusi, wala kitambaa wala chujio la kawaida la mshumaa. Nalisema hivi kwa sababu nimeona watu wanapeleka vidonge vya kutibu maji sehemu yenye floraidi ya 8 wakidhani wamemaliza kazi.

Namna ya kuchukua sampuli: ya floraidi weka kwenye chupa safi ya plastiki, isuuze mara tatu kwa maji yale yale, jaza, andika jina la chanzo na tarehe. Usitumie ya kioo. Ya vijidudu ni tofauti, hiyo inataka chupa iliyotakaswa kutoka maabara, usiguse mdomo wake kwa kidole, iweke kwenye kiboksi chenye barafu na ifike maabara siku hiyo hiyo, ikizidi sana masaa 24. Matokeo ya vimelea vya kinyesi (E. koli) yanatakiwa yawe sifuri kwenye mililita 100. Wizara ya Maji ina maabara za ubora wa maji mikoani, ongea nao mapema upange siku, usiwatokee ghafla Ijumaa jioni. Pima pia chumvi na pH (kipimo cha uchachu au ugadi wa maji), utaona huko mbele kwa nini.

Pima mara mbili, mwisho wa kiangazi na katikati ya mvua. Chanzo kinaweza kupita mwezi wa nne na kufeli mwezi wa kumi.

Na jambo ambalo watu wanalisahau kabisa, magadi. Yale magadi tunayowekea maharage, makande au mlenda yaive haraka, yanayookotwa kwenye maziwa ya chumvi, yanaweza kuwa na floraidi nyingi kuliko hata maji. Unaweza kuleta maji mazuri na sumu ikabaki kwenye sufuria. Liongee na akina mama.

Hatua ya 3: kuchagua chanzo

Watu wengi wanaanza na kisima kirefu kwa sababu ndo kinachopendeza kwenye ripoti. Mimi kwa nchi hii nakiweka mwisho, na nitaeleza.

Cha kwanza angalia mvua. Maji ya mvua hayana floraidi ya maana kabisa. Hesabu yake ni nyepesi, milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Chukua paa la bati la shule lenye mita 8 kwa 20, hiyo ni mita za mraba 160. Mwaka ukipata mvua ya milimita 400, na tukisema asilimia 20 inapotea, unavuna lita 51,200. Mtu wa kunywa na kupikia tu akitumia lita 5 kwa siku, kwa siku 200 za ukame anahitaji lita 1,000. Maana yake paa moja linawatosha watu 50 hivi kiangazi kizima, mradi una matanki ya kutosha, na hapo kwenye matanki ndo hela inakwenda. Gata ziwe na mteremko, na weka bomba la kumwaga maji ya kwanza, kwa paa hilo lita 160 za mwanzo zimwagike na vumbi na kinyesi cha ndege. Tanki liwe na mfuniko na wavu wa mbu. Nimekuta simtanki za hela nyingi zimejaa viluwiluwi kwa kukosa kipande cha wavu tu.

Sasa utaniuliza, kibanda cha nyasi kina paa gani? Sawa, ila nchi yao ina miamba mikubwa iliyo wazi, na wenyewe tangu zamani wanakunywa maji yanayotuama kwenye mashimo ya mwamba. Ukijenga kikuta kifupi cha mawe na saruji kuzunguka upande wa chini wa mwamba, maji yote yanaelekea sehemu moja kwenye tanki. Mwamba wenye mita za mraba 1,000, mvua ile ile ya milimita 400, hata theluthi moja ikipotea unabaki na zaidi ya lita 260,000. Kule Kitui, Kenya, wamefanya hivi miaka mingi. Kabla ya mvua mwamba unafagiliwa, majani na mavi ya pimbi yanaondolewa.

Cha pili ni bwawa la mchanga, nalo Wakamba wa Kitui na Machakos ni walimu wetu. Unajenga ukuta wa zege kukatiza korongo la msimu, ukikaa juu ya mwamba mgumu chini na ubavuni. Mafuriko yanaleta mchanga, mchanga unajaa nyuma ya ukuta, na ndani yake maji yanajificha, kama robo mpaka theluthi ya ujazo wote. Jua halikaushi, mbu hawazai, ng'ombe hawezi kuingia akakojoa ndani. Hili ndo lile shimo la mama limekuwa kubwa. Usiujenge juu mara moja, upandishe kwa vipande, msimu kwa msimu, ili matope yapite na mchanga mzito ubaki, ukiujenga juu kwa pupa utajaza udongo mfinyanzi na hautatoa kitu. Na uchague korongo lenye mchanga wa kukwaruza, chukua kiganjani usugue, ukiwa laini kama unga achana nalo. Pembeni jenga kisima kifupi chenye mfuniko na pampu ya mkono. Maji haya ni ya mvua iliyopita juu juu, kwa iyo mara nyingi floraidi yake iko chini kuliko ya kisima kirefu, lakini pima.

Kisima kirefu kama hakuna njia nyingine. Mtaalamu apime ardhi kwanza, ukishachimba pampu ivute mfululizo kutwa na kucha, na sampuli ichukuliwe mwishoni mwa huko kuvuta, siyo mwanzoni. Mwambie mfadhili kabla, kwa maandishi, kwamba floraidi ikizidi 1.5 kisima hakifunguliwi kwa kunywa. Hela imeshatumika, watu wamekuja kucheza ngoma, hapo ndo kishawishi kinakuwa kikubwa cha kufumba macho.

Na kama chanzo kilichopo kina floraidi na huna kingine? Gawa matumizi: maji ya mvua ni ya kunywa na kupikia, ya kisima ni ya kuoga na kufua, na yakiwa machache watoto wa chini ya miaka 8 na wajawazito watangulie, maana meno yanaharibika wakati yanajitengeneza. Kuna chujio za mkaa wa mifupa ya ng'ombe, kituo cha utafiti cha Ngurdoto kule Arumeru kimezifanyia kazi muda mrefu, zinatoa floraidi vizuri ila mkaa unachoka, inabidi mtu apime na kubadilisha, na mifupa isipochomwa sawasawa maji yananuka. Mzaliwa wa Gongali kule Karatu, Dk. Askwar Hilonga, naye alitengeneza chujio lake ambalo lilipata tuzo ya uhandisi ya Afrika 2015. Zote zinafaa sehemu yenye mtu anayekaa, kama shule au zahanati. Kambi inayohama usiibebeshe.

Hatua ya 4: ardhi na mifugo, kabla ya saruji

Hii ndo roho ya mwongozo wote. Fanya hesabu hii mbele ya watu wote: ng'ombe mmoja wakati wa joto anakunywa lita 30 hivi. Ng'ombe 200 ni lita 6,000 kwa siku. Watu 100 kwa lita 25 ni lita 2,500. Pampu ya mkono inatoa lita elfu moja kwa saa ikisukumwa bila kupumzika. Sasa nani atangoja foleni? Yule mwenye ng'ombe ana haraka, ana vijana wenye fimbo, mama wa Kihadzabe atageuza arudi na dumu tupu.

Simlaumu mfugaji. Mdatoga naye ana kiu, na ng'ombe wake ndo maisha yake. Kwa iyo mpango mzuri unamhesabu yeye pia: mifugo ipate birika au lambo lake, mbali, upande wa malisho yake, na chanzo cha watu kizungushiwe uzio wa miiba hai. Mkiacha kumpa yeye kitu mmeandaa ugomvi.

Wahadzabe wa bonde la Yaeda walipata hati za kimila za pamoja mwaka 2011, kwa ardhi ya zaidi ya hekta 20,000, na vijiji vina mipango ya matumizi ya ardhi. Uliza kwa mtendaji wa kijiji uone ramani. Kama unapotaka kujenga ni eneo la uwindaji na matunda, chanzo kiwe kidogo, cha msimu, cha kutosha kambi tu, usiweke maji mengi ya mwaka mzima katikati ya pori. Maji mengi yaende pale ambapo watu wameshakaa, shuleni, zahanati, kijijini. Mwamba na bwawa dogo la mchanga vinafaa porini kwa sababu hiyo hiyo, havivuti mji.

Makubaliano yapite mkutano mkuu wa kijiji na yaingie kwenye muhtasari wenye mihuri. Kuchimba na kutumia maji kunataka kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Kati, na RUWASA wilaya lazima wajue tangu mwanzo, wao ndo wenye dhamana ya maji vijijini tangu sheria ya 2019. Usiwakwepe ukidhani unaokoa muda. Mradi usiojulikana RUWASA ukiharibika hakuna wa kuupokea.

Hatua ya 5: maji yabaki salama mpaka mdomoni

Maji yanachafukia kwenye dumu. Toa madumu yenye mdomo mwembamba na mfuniko, ndoo wazi kila mkono unaingia. Dumu lioshwe ndani kwa mchanga mbichi au kokoto ndogo na maji, likorogwe, lisuuzwe. Choo na zizi vikae mita 30 au zaidi kutoka kwenye kisima, na upande wa chini wa mteremko.

Vidonge vya klorini vingi vya madukani kimoja ni kwa lita 20 za maji maangavu, soma karatasi yake, subiri dakika 30 ndo unywe. Kama maji yana tope yachuje kwanza kwa kitambaa. Na ndo maana nilisema pima pH, klorini inapoteza nguvu kwenye maji ya magadi yenye pH zaidi ya 8, hapo inabidi usubiri zaidi. Kwa tanki la lita 5,000 gramu 15 hivi za klorini ya unga ya asilimia 65 mpaka 70 zinakupa miligramu 2 kwa lita, ikoroge kwenye ndoo kwanza, na ikifika bombani ibaki angalau 0.2.

Wengi hawapendi ile harufu, na usiwalazimishe. Kuna jua, na kule jua halina uhaba. Chupa za plastiki angavu zisizozidi lita 2, maji maangavu, zilazwe juani masaa 6, kukiwa na mawingu siku 2. Chupa haina uzito, inahama na kambi. Mimi naona hii ndo inawafaa zaidi.

Hatua ya 6: nani ataitunza

Chombo cha watumia maji cha kijiji kinasimamia mradi mkubwa, ila hakikisha Wahadzabe wamo ndani na mmoja wao ni mama, na vikao vifanyike wakati ambao wapo karibu, siyo msimu wa asali. Tozo ya fedha taslimu kila mwezi kwa mtu asiye na kipato cha mwezi ni kumfungia bomba. Bonde la Yaeda lina mapato ya hewa ukaa, yaani hela ya kutunza misitu, yanayoingia kwa jamii, kijiji kikikubali fungu la matengenezo linaweza kutoka huko, au mkakubaliana kulipa kwa nguvu kazi, kufagia mwamba, kukarabati uzio.

Fundisha vijana wawili au watatu wa kwao, wavulana na wasichana, kufungua pampu na kubadilisha mpira na vali mpaka waweze bila wewe. Mi huwa nawafunga kitambaa machoni, wanaifungua na kuirudisha kwa kupapasa, wanafurahi sana na hawasahau tena. Spea zikae kule kule, kwenye sanduku la bati lenye kufuli mbili: mipira seti tatu, vali mbili, nati na bolti, spana zake, gundi ya mabomba, wavu wa tanki mita mbili, na daftari. Kwenye daftari anayeweza kuandika anaandika tarehe, asiyeweza anachora alama.

Alafu weka kwenye simu yako tarehe tatu za kurudi, moja mwezi wa kumi mwaka huu, moja mwezi wa nne, na moja mwezi wa kumi mwaka unaofuata, kila mara na chupa mbili za sampuli mkononi. Ukifika, kabla hujaenda kuangalia pampu, nenda kambini uulize leo asubuhi maji mmechota wapi.